Maziwa Ninayomwachia Atosha

Dzaleka, Jumapili, baada ya ibada

Mama wangu,

Yambo. Yambo tena, mpaka isikike kwako huko juu Kadutu. Umeamkaje? Goti lako linaendeleaje, bado linakuuma ukipanda kutoka sokoni na mzigo? Na Byamungu, mdogo wangu, anakusaidia kuchota maji au bado anajifanya mgonjwa kila ndoo inapotajwa? Hapa sisi sote ni wazima. Mume wangu Deo ni mzima, mama yake ni mzima, mimi ni mzima, na Atosha, mjukuu wako, ni mzima kweli. Nimeanza na hilo ili usome mengine moyo wako ukiwa umetulia, maana ninayokueleza yalikuwa magumu, lakini yamepita.

Usishangae kuona karatasi. Mke wa mchungaji wetu anakuja Bukavu kumuuguza baba yake, nami nikamwomba abebe barua hii. Ningekutumia sauti kwa simu, lakini nakujua, Mama. Wewe ukipokea ujumbe wa sauti unaweka simu katikati ya meza, na watu wote wa parcelle, uani kote, wanakusanyika, hata yule mzee mpangaji wa chumba cha nyuma. Haya ni mambo ya kifua changu. Usome mwenyewe, au akusomee dada Faida, mlango umefungwa.

Mara ya mwisho tulipozungumza nilikuambia Atosha amepungua. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Atosha alikuwa bado mchanga wakati Madamu aliponiita nirudi kazini. Madamu ni Mmalawi, ana atelie ya ushonaji Area 47, Lilongwe. Tunashona yunifomu za shule na nguo za kwaya. Singeweza kukataa. Deo anatengeneza simu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, lakini kuna wiki ambazo ni kama simu zote zimeokoka, hakuna hata moja inayoharibika. Kwa hiyo nikakubali. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni safari. Naondoka kabla jua halijachomoza, narudi likizama. Siku ya kwanza nilimbeba Atosha mgongoni, lakini vumbi la vitambaa lilimkohoza kutwa nzima, Madamu akaniambia, “Mama Atosha, kesho mwache nyumbani, mapafu yake bado madogo.”

Nikamwachia mama mkwe. Wewe unamjua kwa picha tu. Ni mwanamke mwembamba, mtu wa Walungu, maneno machache, mikono haitulii. Tangu nilipojifungua hajaniruhusu kufua hata nepi moja. Akimfunga Atosha mgongoni, mtoto analala kabla kitenge hakijakazwa. Kwa hiyo juu ya mtu wa kumlea sikuwa na shaka hata kidogo. Shaka ilikuwa chakula. Nesi wa kliniki ya kambi alikuwa ametuambia wazi: mpaka afikishe miezi sita, ziwa la mama peke yake, hata maji hapana. Sasa ziwa liko Area 47 na mtoto yuko Dzaleka, atanyonya vipi?

Na ziwa lenyewe halikuelewa kwamba niko kazini. Wiki ile ya kwanza, ikifika katikati ya asubuhi kifua kilikuwa kimekuwa mawe. Mtoto wa mteja akilia tu mlangoni, maziwa yalitoka yenyewe. Siku moja yalipenya blauzi yangu yakadondoka kwenye satini nyeupe ya kwaya niliyokuwa naishona. Nilitamani ardhi ipasuke. Madamu hakunigombeza. Alikwenda nyumbani kwake wakati wa chakula, akarudi na mfuko wa kitambaa. “Ilikuwa ya binti yangu,” akasema. “Yeye amemaliza kuzaa. Chukua.”

Ndani mlikuwa na kile wanachokiita tire-lait, mimi naita pompi ya kukamua maziwa. Ni plastiki tupu. Mbele ina kikombe kama mdomo wa tarumbeta, hicho unakibandika kwenye ziwa. Chini kuna chupa, na pembeni mpini wa kufinya kwa mkono. Ukifinya inavuta, ukiachia inapumua. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mimi nilijificha nyuma ya pazia, pale wateja wanapojaribia nguo, nikafinya na kufinya. Hakuna hata tone. Nikafinya kwa nguvu zaidi, mpaka machozi yakaja kabla ya maziwa.

Mwenzangu Chisomo, fundi tunayekaa naye mashine kwa mashine, akachungulia.

“Achemwali,” akaniambia, na hapa neno hilo ni dada yangu, “unapiga hiyo kitu kama unachota maji ya kisima. Lete niione.”

Akaifungua. Kuna kijimpira kidogo ndani, laini, chembamba. Nilikuwa nimekiweka kichwa chini, miguu juu. Akakigeuza, akanirudishia. “Pang'ono pang'ono,” akasema, polepole. “Huyo si ng'ombe. Ni wewe.”

Nilicheka, Mama, na hapo tone la kwanza likashuka. Lakini usidhani mambo yalinyooka mara moja. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye mashine, nikawa navuta kwa nguvu, na kile kikombe ni kikubwa kuliko mwili wangu. Chuchu zikapasuka. Siku moja nikaona maziwa yana rangi ya waridi, nikajua ni damu. Chisomo alinifundisha kuanza na kitambaa cha maji ya moto, kukanda ziwa kwa kiganja kuanzia kwapani kuja mbele, ndipo pompi ifuate kwa upole, na mwisho kumalizia kwa vidole. Akaniambia nimfikirie mtoto. Nikawa nabeba kofia yake ya sufu, nainusa. Usinicheke. Nikiinusa ile kofia maziwa yanakuja kama yameitwa kwa jina.

Halafu lile pazia! Siku moja mzee mmoja alimleta binti yake kujaribu sketi ya shule, akalifunua ghafla. Nilikuwa nimekaa pale, kifua wazi, chupa mkononi. “Pepani! Pepani, amayi!” akaomba radhi huku anarudi kinyumenyume, akaangusha kofia yake, akaiacha. Chisomo alicheka mpaka akaketi juu ya majora ya vitambaa. Madamu aliposikia, akanifungulia stoo, akaniwekea kigoda na komeo kwa ndani. Tangu hapo nina chumba changu, mimi na majora ya kaki.

Maziwa nilikuwa nayatia kwenye chupa ndogo, chupa naitia ndani ya termosi yenye mdomo mpana, pembeni nazungusha vile vipakiti vya barafu tamu wanavyouzia watoto dukani. Nikifika kambini yanakuwa bado ya baridi. Usiku mtungi wa maji unayatunza, barafu nyingine nanunua kwa jirani mwenye friji, na asubuhi naondoka nikijua Atosha ana chakula. Jioni mama mkwe ananirudishia chupa zimeoshwa, zinang'aa.

“Amemaliza yote, Mama?”

“Amemaliza.”

Nilikuwa najisikia kama mwanamke aliyeshinda vita. Vidonda vyote, safari yote, hakuna tone lililopotea.

Lakini mtoto hakunenepa. Alianza kulia kilio kile chembamba, unakijua. Tumbo likajaa gesi, choo kikawa maji. Siku ya kupima uzito wakamning'iniza kwenye mizani kama kawaida, yule dada anayepima akatazama, akapiga kidole kile kioo, akatazama tena. Uzito ulikuwa umeshuka chini ya mara iliyopita.

“Mama, unamnyonyesha huyu?” akaniuliza mbele ya foleni yote.

Nikachukua mtoto na kadi, nikaondoka. Njiani mama mmoja wa kanisani akaniambia kwa upole kwamba kuna wanawake ambao maziwa yao ni maji tu, si kosa lao, ni damu ya ukoo. Neno lile lilinikaa. Jioni nikainua chupa mbele ya mwanga nikaona kweli: juu utando wa njano, chini maji ya samawati. Nikasema, basi njo mimi, kosa ni langu. Mwili wangu unamdanganya mtoto.

Nikala karanga, nikanywa uji wa buyi mpaka nikachoka. Deo alikuwa analeta karanga mfukoni kila akirudi, hasemi kitu, anaziweka tu mezani. Lakini hofu ni adui wa maziwa, Mama. Chupa iliyokuwa inajaa ikawa inafika nusu, kisha chini ya nusu. Nikawa naichukia ile pompi. Nikisikia sauti yake, fyuu, fyuu, nageuza uso. Nilikuwa nimeamua kumwambia Madamu naacha kazi, ingawa sikujua tutakula nini.

Siku niliyokuwa nimepanga kumwambia, umeme ukakatika mtaa mzima. Madamu akasubiri, akachoka, akatuambia twende nyumbani. Nikashuka njia panda, nikapanda kabaza, yule kijana akaniendesha kwa baiskeli yake mpaka karibu na nyumba yetu. Jua lilikuwa utosini. Nyumba ilikuwa kimya, nikazunguka nyuma.

Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye kitalu chetu cha mboga ya lenga-lenga, Atosha mgongoni. Mkononi alikuwa na chupa yangu. Alikuwa anaimwaga. Polepole, kidogo kidogo, na midomo yake inatembea kama mtu anayeomba. Juu ya kigoda palikuwa na bakuli la buyi nyepesi na kijiko, na kwenye kidevu cha mwanangu buyi ilikuwa bado haijakauka.

Mama, sijui nikueleze vipi. Niliona vidonda vyangu vinamwagwa pale. Niliona ile foleni, na swali la yule dada. Nikapiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumwinulia sauti.

“Mama! Unafanya nini? Maziwa ya mutoto!”

Hakukimbia, wala hakuficha chupa. Alikaa chini palepale kwenye udongo.

“Nsimire,” akasema, “mi nilichoka kukudanganya. Kaa.”

Sikukaa. Nilimfungua Atosha mgongoni mwake nikampa ziwa nikiwa nimesimama, na mtoto alinyonya kama mtu aliyetoka jangwani. Mama mkwe akaanza kusema, macho kwenye udongo.

“Tulipokimbia vita, Deo alikuwa anatembea mwenyewe. Mgongoni nilikuwa na mutoto mwingine, binti. Tulitembea siku nyingi, njaa, mvua, maziwa yangu ikakauka. Kulikuwa mwanamuke moja mwenye roho nzuri, akanikamulia yake ndani ya chupa. Nikafurahi. Nikampa mutoto kidogo, ingine nikaweka, nikasema atakunywa magaribi. Jua lilikuwa kali. Magaribi akakunywa. Kesho yake akaanza kuharisha. Hatukufika mbali naye. Tulimuzika pembeni ya njia, bantu banapita.”

Kuku wa jirani walikuwa wanachakura karibu na mguu wake.

“Tangu ile siku, maziwa yenye imelala ndani ya chupa, mi siiamini. Na hii yako naona inagawanyika, juu mafuta, chini maji. Nikasema, imeoza, huyu naye atakufa mikononi mwangu. Njo maana nilimupa buyi. Na we unarudi umechoka, kifua na vidonda, unaniuliza: amemaliza? Ningekujibu nini, mwanangu? Niseme nimemwaga jasho yako?”

Sitakudanganya, Mama. Sikumkumbatia. Hasira yangu haikuisha pale, na huruma nayo ilikuwa imeingia, zikawa zinapigana ndani yangu. Niliingia ndani nikajilaza na mtoto. Deo aliporudi, mama yake akamweleza mwenyewe. Deo alijua kwamba aliwahi kuwa na dada aliyemfuata, basi. Jinsi alivyokufa hakujua, hata jina lake hakuwahi kuambiwa. Alikaa pembeni ya mama yake, akachukua mbabula, akawasha makaa, akampikia chai. Sijawahi kumwona Deo akipika chai. Wakainywa pamoja.

Baada ya siku chache, hasira ilipopoa, nikamwambia, “Mama, twende kliniki, mimi na wewe. Tubebe na chupa.”

Aliogopa. Alidhani anapelekwa kuhukumiwa. Alivaa kitenge chake cha ibada na viatu vya kufunika. Nesi ni Mmalawi, amekaa hapa sana, Kiswahili chetu anakijua kwa kuokoteza. Nikamweleza kila kitu. Nilitegemea atafoka. Alivuta kiti, akakaa karibu na mama mkwe, magoti kwa magoti.

“Agogo,” akamwita, yaani bibi, “nipe hiyo chupa.”

Akainua chupa, ule utando uko juu. Akaizungusha mkononi taratibu, bila kuitikisa, na maziwa yakachanganyika yakawa rangi moja. “Umeona? Hayajaoza. Yamepumzika tu. Mafuta yanapanda juu, ndiyo asili yake. Yakioza utasikia harufu, na ukizungusha hayarudi.” Akamimina kidogo kwenye kifuniko. “Onja.”

Mama mkwe alinitazama mimi kana kwamba anaomba ruhusa. Akaonja. Akakaa nayo mdomoni muda mrefu.

“Ni tamu,” akasema. Na machozi yakaanza.

Nesi akamweleza kwamba tumbo la Atosha lilikuwa bado halijawa tayari kwa buyi, na maji ya kupikia yanaweza kubeba ugonjwa, na kwamba buyi nyepesi inajaza tumbo bila kumjenga mtoto. Akatufundisha kuyapasha: usiyaweke motoni, weka chupa ndani ya bakuli la maji moto, pima kwa mkono, mpe kwa kikombe kidogo, akibakiza usimrudishie tena. Yakikaa kwenye joto muda mrefu, hapo ndipo yanaharibika. Mama mkwe alikuwa anaitika kila neno. Tulipotaka kuondoka, hakuinuka.

“Na ile ya mutoto wangu,” akauliza, sauti ndogo sana, “ilikuwa ni mimi?”

Mama, nesi yule ni mdogo kuliko mimi. Alichukua mikono yake yote miwili.

“Agogo, ulikuwa njiani. Jua, hakuna maji safi, hakuna nyumba, na wewe mwenyewe una njaa. Hakuna anayeweza kusema leo kilichomuua ni nini. Ulimpa kilichokuwepo. Ulikuwa mama.”

Tulirudi tumeshikana mikono, na sikumbuki nani aliushika mkono wa mwenzake kwanza.

Sasa ungemwona! Yale maziwa yamepata askari. Jioni nikifika, kabla sijavua viatu anapokea termosi, anazungusha chupa, ananusa. Rafiki yake Deo alikuja juzi na soda ya moto, akataka kuitumbukiza kwenye barafu yetu ipoe. Alifukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani. “Hapa ni jikoni ya Atosha! Soda yako kunywa hivyo hivyo!” Na wale mama wa kanisani wanaosema maziwa ya kukamua hayana nguvu, anawajibu mwenyewe, mimi nanyamaza.

Maziwa yangu nayo yamerudi. Nesi aliniambia nimnyonyeshe alfajiri kabla ya safari na mara nirudipo, na kazini nisiruke zamu ya stoo hata kazi ikiwa nyingi. Vidonda vimepona. Chisomo alinitafutia kikombe kidogo cha pompi kwa shangazi yake, kinanikaa vizuri. Bado si kitu ninachokipenda, kuna siku yanatoka kidogo na mgongo unaniuma, lakini siogopi tena.

Juma lililopita tulikwenda kupima. Mama mkwe ndiye aliyemtundika kwenye mizani. Yule dada akatazama kioo, akatazama kadi, akatabasamu. Uzito umepanda, na si kidogo. Mama mkwe akapiga vigelegele palepale, foleni nzima ikageuka, watoto wakaanza kulia. Hakuna aliyejua bibi huyu anashangilia nini kwenye mizani ya kliniki. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu nikacheka mpaka nikaishiwa nguvu.

Na leo asubuhi, wakati wa ushuhuda, alisimama kanisani. Yeye ambaye hata salamu huitoa kwa kichwa. Akasema, “Nilikuwa na binti. Anaitwa Nabintu. Naomba mumujue.” Akakaa. Deo alikuwa pembeni yangu, nikamsikia analirudia jina lile chini kwa chini, kama mtu anayejifunza.

Mama, ukimwomba Mungu jioni, uwataje wote wawili, Nabintu na Atosha.

Nisalimie dada Faida, umwambie siku ya ubatizo wa Atosha nilivaa ile blauzi aliyonitumia. Nisalimie Byamungu na ndoo zake. Shangazi wa Bagira, dada ya marehemu Baba, umpe pole ya macho. Kaka mkubwa na mkewe, umwambie wifi kwamba akijifungua asisikilize watu, anipigie mimi. Jirani yetu mwuza samaki, aliyekuwa ananipa ndagala nikiwa msichana, nimemkumbuka sana leo. Mama mkwe anasema: “Musalimie mama yako, umwambie binti yake namuchunga.” Deo anakuamkia kwa heshima.

Ningeandika zaidi, lakini Atosha ameamka, na blauzi yangu imeshalowa.

Mtoto wako,

Nsimire, Mama Atosha